Bariyeri kwenye Njia ya Neema

Wasikilizaji wa jioni, najua wengine mnanisikia kwenye simu iliyobakiza chaji kidogo, wengine mko jikoni na makala bado hayajashika moto, na yuko kijana wa pikipiki aliyeniambia juzi kwamba hunisikiliza kwa sikio moja huku la pili likitafuta abiria. Leo nina neno zito, nitaomba mnivumilie.

Kila aliyesafiri kutoka hapa Goma kwenda Rutshuru, au Sake hadi Masisi, anaijua bariyeri. Kamba imevutwa kukatisha barabara, au mti mwembamba umelazwa juu ya mawe mawili, na pembeni ameketi mtu. Barabara hakuijenga yeye. Gunia ulilobeba hakulima yeye. Lakini hupiti mpaka umempa kitu. Ukishampa anakupa kijikaratasi, jetoni, nawe unaikunja vizuri na kuitia kwenye kitambaa kama hati ya nyumba. Mwendo mfupi mbele kuna kamba nyingine, na yule wa pili haitambui jetoni ya wa kwanza. Mama mwenye maharagwe analipa, kijana anayesukuma chukudu, baiskeli yetu ya mbao, analipa, na tumezoea kiasi kwamba hatuulizi tena kwa nini. Swali letu limebaki moja: ni ngapi?

Jioni hii nataka kusema juu ya bariyeri iliyowekwa mahali pengine, kwenye njia ya mtu kwenda kwa Mungu wake.

Nina jirani, mama wa watoto wanne. Jina lake silitaji. Ameniruhusu niseme habari zake kwa sababu, alivyoniambia, labda mwingine atasikia kabla hajakopa. Mume wake alikwenda kutafuta kazi upande wa Walikale. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, simu yake ilinyamaza. Mnakumbuka siku zile. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na wengi wetu tulikuwa tunahesabu watu wetu kila jioni kama kuku: nani yupo, nani hajarudi. Jirani yangu alihesabu kwa miezi mingi na hesabu ikawa inapungua mmoja.

Sokoni mwenzake akamwambia kuna chumba cha maombi, kuna mtumishi anaona. Akaenda. Siku ya kwanza hakuombwa hata franka moja. Nabii alikuwa mpole, alimwita mama, alimpa kiti. Akamwambia mume yuko hai, ila amefungwa na roho ya ukoo wa mama yake, na kamba hiyo hukatwa kwa mfungo mkavu wa siku tatu na bahasha ya dola 20. Akafunga, akatoa. Simu haikulia. Akaambiwa apakwe mafuta, na chupa ya mafuta ina bei yake. Akanunua. Simu haikulia. Hapo ndipo upole ulipogeuka. Akaambiwa imani yake ina tobo, kuna dhambi ameificha, na ili tobo lizibwe apande mbegu ya dola 100. Pesa hiyo aliitoa kwenye likilimba, mchango wetu wa kupokezana, zamu ilikuwa yake, na ndiyo iliyokuwa iwe mtaji wake wa kuuza majani ya sombe na samaki wa makayabu. Akaanza mfungo mwingine mkavu, bila maji, na mtoto wa mwisho bado ananyonya.

Nilijua kwa sababu ya moshi. Nyumba zetu za mbao zimesimama karibu karibu juu ya mawe ya volkano, na jiko la mwenzako huwezi kutolijua. Siku ya kwanza sikuuona moshi wake nikadhani amekwenda sokoni mapema. Siku ya tatu nilibisha hodi.

Sasa nisikilizeni, maana sikuja hapa kumpiga mawe nabii halafu nirudi nyumbani nimeridhika. Nilimwuliza yule mama: kwa nini hukuja kwetu? Kanisa letu liko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Mimi nafundisha humo neno la Mungu. Alikaa kimya kwanza. Kisha akasema: Mwalimu, mimi sikuwa nimemaliza mchango wa ujenzi. Majina yanasomwa. Niliona haya.

Hayo maneno yalinikata. Sisi tunaojiita kanisa kubwa, wenye majengo ya mawe na kwaya zenye sare, tulikuwa tumeweka kamba yetu barabarani kabla ya nabii kuweka yake. Hatukumwuzia mafuta, hapana. Lakini tulimfundisha kwamba anayedaiwa haingii, na yeye akaamini tulichomfundisha. Miezi yote ile hakuna mzee wa kanisa aliyefika kumwuliza mume yuko wapi. Nabii alimpa kiti. Ukitaka kujua kwa nini vyumba vya maombi vimejaa, anza hapo, kwenye kile kiti.

Turudi kwenye neno lenyewe. Watu hudhani udanganyifu wa kiroho ni kumkana Yesu. Laiti ingekuwa hivyo, nani angedanganyika? Jina la Yesu limeandikwa kwenye vibao vya vyumba vyote. Somo la waraka kwa Wagalatia ni kwamba wale walimu waliomkasirisha Paulo hawakumkana Kristo hata kidogo. Walimkiri. Waliongeza kitu kimoja tu juu yake, tohara, na Paulo aliwaka moto kwa ukali ambao hautumii mara nyingi mahali pengine, hata akasema kwamba malaika mwenyewe akishuka na injili nyingine, alaaniwe. Kwa kitu kimoja tu kilichoongezwa.

Kiswahili kina neno la herufi mbili linaloifanya kazi hiyo kila siku: na. Yesu na mafuta. Yesu na mbegu. Yesu na mfungo wa siku arobaini. Yesu na kitambaa chekundu mlangoni. Yesu na jina la nabii wangu, maana siku hizi tunasikia hata watu wakiomba kwa Mungu wa mtumishi fulani, kana kwamba Mungu ana mlango wa nyuma na fulani ndiye mwenye ufunguo. Kile kinachofuata baada ya na hubadilika mwaka hadi mwaka. Mtego uko kwenye na yenyewe.

Na lugha yetu tamu ina mitego mingine. Fikirini neno neema. Mvua ikinyesha kwa wakati na mahindi yakijaa ghala, tunasema mwaka huu ni wa neema. Mabinti wangapi hapa Goma wanaitwa Neema kwa sababu walizaliwa wakati nyumba ilipata? Ni maana nzuri, ya zamani, sina ugomvi nayo. Lakini mhubiri akipaza sauti kwamba neema imekujia, sikio la mwenye njaa husikia gunia la unga. Halafu asipoliona gunia, anafikiri neema imempita. Paulo alipotumia neno lile alikuwa anasema jambo jingine: kibali alichopewa mtu asiyestahili, mkono uliomshika aliyekwisha anguka, kabla hajaomba radhi, kabla hajajua kwamba ameanguka.

Na bure je? Tunasema kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Cha bure tunakidharau, au tunakiogopa tukidhani kimefichwa ndoano. Maisha yametufundisha hivyo. Tumeona hata jina kuingia kwenye orodha ya msaada kukiombewa kitu. Basi mtu aliyelelewa kwenye mji ambapo kila kitu kinalipiwa mara mbili, ukimwambia kwamba kilicho cha thamani kuliko vyote kimekwisha kulipwa na yeye hadaiwi, atakuangalia kama anayetaka kumwibia. Nabii mwenye bei anaaminika zaidi. Bei yake inafanana na maisha.

Kuna kisa kwenye kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya tano, ambacho naomba kila mtu akisome usiku huu kabla ya kulala. Naamani, jemadari wa Shamu, mwenye ukoma, anafika kwa Elisha na msafara: talanta kumi za fedha, vipande sita elfu vya dhahabu, mavazi kumi ya kubadilisha. Anaambiwa akaoge Yordani mara saba. Najua mtu ataniambia: si unaona, mwalimu, hata Elisha alitoa masharti? Ndugu yangu, Yordani ulikuwa mto wa kila mtu. Elisha hakuuza maji yake kwa chupa. Naamani alipotoka amepona akarudi na zawadi, nabii akaapa kwamba hatapokea kitu. Akamwacha aende zake na mizigo yake yote.

Halafu Gehazi, mtumishi wa nabii, anakimbia nyuma ya gari. Anasema nini? Hasemi nataka fedha. Anasema vijana wawili wamefika sasa hivi, wana wa manabii kutoka milimani, wageni, hawana kitu, tafadhali talanta moja na mavazi mawili. Gehazi ndiye wa kwanza ninayemjua aliyechangisha kwa jina la maskini ambao hawapo. Naamani akampa mbili. Aliporudi kwa Elisha, ukoma wa Naamani ukamshika Gehazi.

Zamani nilifikiri adhabu ilikuwa kali mno kwa uongo wa kawaida. Sasa sifikiri hivyo. Angalieni alichokiharibu. Naamani alikuwa anarudi Shamu, nchi ya miungu inayolipwa, akiwa na habari moja ambayo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuisikia: yupo Mungu anayeponya na hataki chochote. Gehazi alimfikia njiani akaifuta habari hiyo. Kwa talanta mbili alimfanya Mungu wa Israeli afanane na wengine wote.

Miaka mingi baadaye, Ujerumani, mwaka 1517, mtawa Johann Tetzel alipita akiuza vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi. Watu waliambiwa fedha ni za kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Hawakuambiwa kwamba nusu yake ilikuwa ikienda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa matajiri waliomkopesha. Vijana wawili kutoka milimani, tena. Martin Luther alipoandika hoja zake mwezi Oktoba mwaka ule, jambo lililomwuma ni waumini wake waliorudi na karatasi mkononi wakidhani hawahitaji tena kutubu. Jetoni.

Nisikilizeni vizuri hapa, ndugu Wakatoliki, sitaki jioni hii igeuke mchezo wa timu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Baada ya karibu miaka mia tano ya kugombana walikiri pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kumwamini Kristo na kazi yake, si kwa sababu ya ustahili wowote alio nao. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Tarehe hiyo ya 1999 naiweka moyoni kwa sababu ya kilichokuwa kikiendelea wakati ule ule karibu sana na hapa, ng'ambo ya mpaka wa Ishasha.

Kanungu. Wazee wanalikumbuka jina hilo, vijana wengi hawalijui. Ni wilaya ya kusini magharibi mwa Uganda, jirani na Rutshuru yetu. Kulikuwa na kundi lililojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere, aliyewahi kusimamia shule za Kikatoliki, Credonia Mwerinde, mama aliyedai kutokewa na Bikira Maria, na padre Dominic Kataribaabo, msomi aliyesoma hadi Marekani. Hawakuwa wajinga, na waliowafuata hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka: ukimwi ulikuwa umezimaliza familia, vita na utawala mbaya vilikuwa vimepita, na hapo akatokea mtu anayesema najua kwa nini mnateseka, mmeziacha amri, zirudieni mkaokoke.

Angalieni jinsi kamba zilivyoongezeka, moja baada ya nyingine. Waliuza mali na kuleta fedha kwa viongozi. Jumatatu na Ijumaa walikula mlo mmoja. Mume na mke hawakukaribiana. Sabuni ilikatazwa. Na kwa kuogopa kuvunja amri ya kutosema uongo, waliacha kusema. Walizungumza kwa ishara za mikono. Fikirini kijiji cha watu wanaompenda Mungu, wamenyamaza, kwa sababu wanaogopa kwamba neno moja litawapeleka motoni. Hicho ndicho chumba ambacho sheria hujenga ikiachwa peke yake. Hakina mahali pa kukohoa.

Wakaambiwa dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Hesabuni wenyewe: ni miezi miwili kamili baada ya sahihi za Augsburg. Siku ikapita, jua likachomoza kama kawaida, na walioleta mali wakaanza kuuliza. Tarehe 17 Machi 2000 waumini walikusanyika kanisani Kanungu, madirisha na milango ikapigiliwa misumari, moto ukawaka. Mamia waliteketea, watoto wakiwemo. Baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye makaburi ya pamoja chini ya nyumba za kundi lile, na hesabu ikapita watu 700. Hakuna kiongozi aliyewahi kusimama mbele ya hakimu kujibu.

Wengine husema Kanungu ni mambo ya zamani. Aprili 2023 polisi wa Kenya waliingia msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, wakakuta wafuasi wa Paul Mackenzie waliofunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Na Moshi, Tanzania, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wamekanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wamekuja kuomba. Sitaki kuendelea, habari hizi zinachosha roho. Nilizitaja kwa sababu ya mtoto yule aliyekuwa ananyonya kwa mama asiyekunywa maji. Umbali kati ya chumba chetu cha maombi na Shakahola ni mrefu, lakini barabara ni ile ile.

Kuna uongo mmoja zaidi ambao unanitia hasira, na juu ya huo nataka niongee na ninyi mliopoteza watu na mali. Ni ule unaosema kwamba aliyefikwa na baya amepungukiwa imani. Sisi ni watu wa Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ilichoma maduka, ilichoma baa, ilichoma nyumba za walevi na nyumba za wacha Mungu, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea pia. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ukafumuka tena, tukakimbia na magodoro kichwani, wengine Gisenyi, wengine Sake, na lava ikasimama Buhene, mlangoni pa mji. Baada ya siku chache hawakukosekana watu wa kusema ilisimama kwa ajili ya maombi yao. Mimi pia niliomba usiku ule, niliomba kama mtoto, na namshukuru Mungu. Lakini mtu wa Buhene ambaye nyumba yake iko chini ya jiwe jeusi, naye aliomba. Tutamwambia nini, kwamba maombi yake yalikuwa na tobo? Anayepima upendeleo wa Mungu kwa mahali lava iliposimama hajawahi kusimama msalabani. Kabla ya msalaba huo pia mmoja aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka, na ndiye Mwana mpendwa.

Basi, mnaniuliza, tuache kufunga? Tuache kutoa? Hapana. Mimi nafunga. Zaka natoa, na sioni aibu kusema hivyo. Wagonjwa waombewe, na wapakwe mafuta kama Yakobo alivyowaagiza wazee wa kanisa, lakini wazee ndio waende kwa mgonjwa, wala hakuna mahali Yakobo alipotaja bei ya chupa. Ninachosema ni hiki: mtoto aliyelala kwa baba yake akiwa ameshiba huamka asubuhi akateka maji kwa furaha. Hateki maji ili apewe baba. Wazee wetu wa uamsho ule wa miaka ya 1930, ulioanzia Gahini kule Rwanda na kuenea Uganda, Kenya, Tanzania na hata kwetu Kongo, walirudisha vitu walivyoiba. Walitembea kwa miguu kwenda kumrudishia mtu jembe. Hakuna aliyewaambia kwamba jembe ndilo bei ya wokovu. Walikuwa wamekwisha kusamehewa, jembe likawa zito mikononi.

Hiyo ndiyo tofauti, na inaweza kuonekana kwa macho. Mtumishi akikutabiria, mwulize kama unaweza kurudi nyumbani ukasome Maandiko kwanza. Watu wa Beroya walimpima hata Paulo kwa Maandiko, kila siku, na Luka akawasifu kwa hilo. Akikasirika kwamba unamjaribu mpakwa mafuta, umepata jibu. Akikuambia usimwambie mumeo, usimwambie mchungaji wako, usiende hospitali, hiyo siri si ya Mungu. Na sikiliza kinachotokea neno lake lisipotimia. Wa kweli atakaa na wewe kwenye ukimya. Wa uongo atapandisha bei.

Wale wanaoogopa laana za ukoo, mnaoambiwa kila mwezi kwamba imebaki kamba ya bibi, ikikatwa hiyo imebaki ya babu: Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba hati ya deni ilifutwa, ikaondolewa, ikapigiliwa msalabani. Sijui picha nyingine inayotufaa sisi watu wa bariyeri kuliko hiyo. Yupo aliyetangulia barabarani. Amelipa kila kamba kutoka hapa mpaka nyumbani kwa Baba, na karatasi yenye deni akaigongomelea pale juu mahali ambapo hakuna anayeweza kuifikia aisome tena. Ukimkuta mtu ameketi kando ya njia anakudai, jua kwamba hakutumwa na mwenye barabara.

Wiki ile nilipobisha hodi, tulianza na maji. Mke wangu alikuja na uji. Yule mama alikataa, alisema atavunja nadhiri na mume wake atakufa kwa ajili ya uji. Nilitaka kumhubiria, mke wangu akanionyesha kwa macho ninyamaze. Nje vijana walikuwa wanapita na chukudu wakiita maji, bidoni zimepangwa mbele na nyuma. Sisi tunaokaa kando ya ziwa kubwa hivi tunanunua maji kwa bidoni, mnajua, sihitaji kuwaeleza. Nikakumbuka kwamba Isaya, kwenye sura ya 55, aliuchukua mwito huo huo, mwito wa muuza maji wa mtaani, akaweka kinywani mwa Mungu, ila akaugeuza: njoni hasa ninyi msio na pesa. Nikamsimulia hivyo tu, bila kufungua kitabu. Mungu anapita mtaani kwetu na chukudu, mama, anaita maji, na anawatafuta wasio na kitu mfukoni.

Alisikiliza kelele za wale vijana mpaka wakakata kona. Kisha akaniuliza: Mwalimu, sasa mimi nilikuwa nalipia nini?

Sikuwa na jibu. Akaomba kikombe.

Mume wake hajapiga simu mpaka leo. Alhamisi wamama wa kanisa hukaa naye, zamu kwa zamu, na orodha ya michango haisomwi tena mbele ya watu. Tulikubaliana hivyo wazee wote, ingawa mjadala ulichukua Jumapili mbili. Likilimba wamempa zamu ya mapema. Jana nilipita asubuhi, vumbi la kiangazi limekaza ngozi za watoto mpaka zimepasuka. Alikuwa ameketi mlangoni, yule mdogo mapajani, na ile chupa pembeni yake imebaki nusu. Alikuwa anampaka mikono, taratibu, na viwiko, na magoti.